Mawe ya Yusto Kwenye Friza ya Albina

Wifi yangu Albina anauza barafu Sumbawanga. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba kuna mwanamke anaishi kwa kuuza barafu kwenye mji ambao mwezi wa sita watu wanalala na soksi, atadhani unamtania. Hata mimi nilimcheka alipoanza. Nilimwambia, "Wifi, huku kwetu ungeuza makaa." Akanijibu kwamba watoto wa shule hawajui baridi, na kweli hawajui. Wanatoka shuleni hapa mtaani kwetu Mollo, pembeni ya mji, puani kamasi, mkononi barafu ya ubuyu, na wanacheka.

Albina ni mke wa marehemu kaka yangu Stanley. Kaka alimwachia nyumba ya matofali ya kuchoma, shamba la mahindi nyuma ya nyumba, kijana mmoja Christopha ambaye siku hizi ananunua mahindi kule Laela, na mimi. Friza alijinunulia mwenyewe. Mimi nashona, na baraza langu linatazamana na lake, kwa hiyo hakuna kinachoingia kwake nisikione. Anayesema nachunguza na aseme. Mawifi tuna kazi yetu duniani.

Kitu cha kwanza cha kujua juu ya Albina ni kwamba ana haraka. Anakula amesimama. Kanisani anaitikia "Amina" padri akiwa bado anavuta pumzi. Kaka yangu alikuwa mtu wa polepole, na nadhani walipendana kwa sababu mmoja alifika mapema na mwingine akachelewa, wakakutana katikati. Si mbaya, haraka yake haijawahi kuwa ya kiburi. Lakini mtu mwenye haraka hupita vitu bila kuviona, na siku moja alipita kitu ambacho kwetu hakipitwi.

Dokta Mboje aliletwa na mwenyekiti wetu wa mtaa, Zenon, mwanzoni mwa msimu wa mvua wa mwaka juzi. Kijana mrefu, Msukuma, mpole, ametoka chuo kikuu. Alikuwa daktari wa hali ya hewa, si wa watu, lakini neno dokta likishatamkwa Mollo halirudi mdomoni. Siku hiyo hiyo bibi Rosina aliletewa kiti ili aonyeshe goti lake. Mboje akalitazama kwa heshima, akampa pole, akamshauri aende zahanati. Bibi akaondoka akisema dokta ni mzuri ila hana dawa.

Alichotafuta ni mtu mwenye friza karibu na mashamba. Tukakaa barazani kwa Albina, akatueleza. Utabiri wa siku hizi, alisema, unapigwa hesabu na kompyuta. Ndani ya hesabu hizo kuna wingu, na juu kabisa ndani ya wingu kuna baridi kali na chembe za barafu zisizo na idadi. Kompyuta haiwezi kuifuata kila chembe, kwa hiyo inakisia. Inachukulia kwamba chembe zote ni mipira laini, zinashuka kwa mwendo unaofanana, na zikifika kwenye hewa ya joto zinayeyuka na kuwa mvua.

"Wengi walioandika hesabu hizi ni watu wa nchi za theluji," alisema. "Barafu wanayoijua wao inashuka wakati wa baridi, nyepesi, kama manyoya ya kuku. Ya huku inashuka mchana, siku iliyoanza na jua kali. Kompyuta haiijui vizuri."

"Na ya huku inaua hao kuku wenyewe," nikasema mimi.

"Ndiyo, mama. Kwa hiyo kompyuta inaandika mvua, halafu watu wanapata mvua ya mawe. Ninataka mawe yenyewe. Uzito wake, umbo lake, na ndani yalivyo."

Ndiyo maana alihitaji friza, maana jiwe la mvua huwezi kulipakia kwenye basi. Akampa Albina mizani ndogo, mifuko, rula ya kuweka kando ya jiwe wakati wa kupiga picha, na ubao wenye sponji uliofunikwa kwa ile karatasi ya jikoni inayong'aa. Ubao unakaa nje, jiwe likiupiga linaacha shimo la ukubwa wake. Umeme wa friza angelipia yeye. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo nadhani angelisema kwa njia nyingine.

"Cha muhimu ni upesi, mama. Yakianza kuyeyuka yanapoteza umbo. Yaokote upesi sana."

Kumwambia Albina afanye upesi ni kumfundisha kuku kudonoa.

Sasa nieleze desturi, kwa sababu asiyeijua hataelewa kwa nini watu walikasirika. Kwetu shamba lililopigwa na mawe lina msiba. Hatulii kama tunavyomlilia mtu, lakini tunakwenda. Mwenye shamba husimama au huketi pembeni, majirani humjia, humpa pole, hukaa naye. Hakuna anayeingia shambani kabla mwenyewe hajaingia. Na kesho yake mtaa mzima hatushiki jembe, hata ambaye shamba lake halikuguswa. Vijana wa mjini wanasema ni uvivu uliotafutiwa sababu. Wao wananunua unga dukani, hawajui kuona mahindi yaliyokwisha kutoa mbelewele yamelala chini kama nguo iliyoanguka kambani.

Mawe yalikuja mwezi wa pili, baada ya chakula cha mchana. Wingu lilitokea upande wa milima ya Mbizi, jeusi chini na jeupe juu, likatembea kama lina anwani. Nilivuta cherehani ndani. Bati lilipoanza kulia sikusikia tena hata sauti yangu ya kusali. Halafu likanyamaza, ghafla, na baridi ikaingia kwa chini ya mlango.

Mawe huwa yanapita kwa mstari. Mtu anapigwa, jirani yake anabaki na mahindi yamesimama yanamwangalia. Mara hii mstari ulipita kwa Yusto, ukaliruka shamba la Albina bila hata kulichana, ukaenda zake. Yusto na mkewe Victoria ni majirani zetu wa upande wa bondeni. Wana mahindi, maharage na kipande cha ulezi, na hawana kazi nyingine. Mawe yalimkuta Victoria shambani hana pa kukimbilia, akajifunika gunia, yakampiga mabegani. Nilipofungua mlango niliwaona wawili wamesimama pembeni ya shamba lao, gunia bado liko kichwani kwa Victoria, na mbele yao ni peupe kotekote.

Nikachukua kitenge nijifunge niende kutoa pole. Kabla sijakifunga, Albina alinipita.

Alikuwa na beseni. Aliwapita Yusto na Victoria kama gari la serikali linavyopita kituo, karibu kabisa, upindo wa kanga yake ukamgusa Yusto. Hakusema kitu. Akaingia shambani, akainama, akaanza kuokota. Alichagua makubwa, yenye pembe, akayaweka kwenye beseni na kuyafunika. Alikuwa anahema kwa furaha, maana alikuwa amesubiri tangu mwezi wa kumi na moja. Na hapo, shamba zima limelala chini, wenye shamba wako nyuma yake, akainua jiwe moja usawa wa macho akasema kwa sauti, "Mazuri haya! Mazuri sana!"

Victoria alisikia. Mimi nilisikia. Nadhani hata waliokuwa wamejifungia ndani walisikia. Albina akatoka mbio na beseni lake kurudi kwenye friza, akiwapita tena.

Kesho yake hakuna aliyeshika jembe, na mtaa usioshika jembe una muda wa kuongea. Watu walikaa kwa Yusto kuanzia asubuhi. Nilikuwepo, kwa hiyo sikusimuliwa. Mwanzo yalikuwa maneno ya kawaida, Mungu anajua, mwakani yatakuwa mema. Halafu mmoja akauliza hivi Mama Christopha yuko wapi. Mwingine akauliza kwa nini mawe yaliliruka shamba lake. Wa tatu akakumbusha kwamba kwenye friza yake kuna mifuko ya mawe. Anayafuga, wakasema. Kuna watu wanafuga nguruwe, yeye anafuga mawe ya mvua, na jana aliyafungulia yakale, jioni akayarudisha bandani.

Ningecheka kama isingekuwa sura ya Yusto. Yusto si mtu wa maneno. Alikuwa ameangalia chini muda wote, akasema taratibu, "Mimi najua kitu kimoja. Anayekuja kuvuna ndiye aliyepanda."

Watu wa nje wana mizaha yao kuhusu Sumbawanga, wakisikia tu umetoka huku wanakuuliza kama umekuja kwa ungo. Sisi tunacheka nao. Lakini nyumbani neno mchawi halichekwi. Namjua mama mmoja aliyeanza kusemwa hivyo hivyo, kidogo kidogo, juu ya ng'ombe wa jirani. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemfukuza. Watu waliacha tu kuitikia hodi yake. Mwishoni alipakia kitanda chake kwenye lori la mahindi akahamia Laela, na nyumba yake mpaka leo inaota majani. Albina ni mjane, amekaa kwenye ardhi ya ukoo wetu. Neno hilo likimkaa, hataweza kuishi Mollo, na mimi sina kaka mwingine wa kuniletea wifi mwingine.

Siku iliyofuata watoto walipita na sarafu zao mkononi bila kusimama. Alhamisi ilikuwa zamu ya Albina kupokea sala ya jumuiya. Alipanga viti, akachemsha chai ya tangawizi kwenye sufuria kubwa. Tulifika mimi na bibi Rosina, naye bibi alikuja kwa sababu anasikia nusu ya yanayosemwa. Tulisali rozari watu watatu kati ya viti vitupu, Albina akiitikia mapema kama kawaida yake, ila sauti imekauka. Chai tulikunywa vikombe viwili viwili na bado ilibaki.

Mwenyekiti Zenon alinifuata barazani kwangu. Alisema, "Avelina, wewe ndiye wa ukoo. Mwambie ayamwage. Akiyamwaga mbele ya watu, yamekwisha."

"Akiyamwaga mbele ya watu, amekubali kwamba ni yake," nikamjibu.

"Asipoyamwaga?"

Nikajifanya natia uzi kwenye sindano.

Halafu umeme ukakatika. Ulikatika asubuhi ya Ijumaa, na mtaani wakasema Mungu mwenyewe ameamua kuyamwaga. Nasema ukweli, nilifurahi. Nilifikiri mawe yatayeyuka kimya kimya, Dokta Mboje atakuja Jumamosi kama alivyoahidi, akute maji, na kila mtu atarudi kwake. Nikaingia kwa Albina nikamkuta ameifunga friza kwa mablanketi yote ya nyumba, na juu yake gunia langu la vipande vya vitambaa ambalo nilikuwa nimelitafuta tangu asubuhi.

"Wifi!" nilimwambia. "Watu wanakuita mchawi na wewe unaivalisha friza?"

"Wanasema mimi mchawi kwa sababu ya barafu? Watu wazima?" Alikuwa na machozi ya hasira. "Mimi nilikaa hapa na Dokta, wote walimwona. Zenon ndiye aliyemleta! Bibi Rosina alimpa goti! Sasa wamesahau?"

"Hawajasahau."

"Basi wanataka nini?"

Nikavuta kigoda nikakaa. Nilikuwa na swali langu nililolihifadhi siku nzima na sikujua kama nitaliuliza kwa upole au kwa ukali. Lilitoka kwa ukali.

"Ulimpa Yusto pole?"

Akavuta blanketi moja likae vizuri juu ya friza.

"Siku ile," nikasema. "Ulimpa pole? Ulimpa Victoria?"

"Nili..." Akafikiri. Nilimwona akirudi nyuma kichwani, akitembea tena ile njia. "Walikuwepo?"

"Walikuwa pembeni ya shamba. Kanga yako ilimgusa Yusto."

"Sikuwaona, wifi."

"Najua. Wao walikuona. Na uliinua jiwe ukasema ni zuri."

Albina alikaa chini, sakafuni, na katika miaka yote niliyomjua hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona ameketi bila kazi mkononi. Akajifunika uso kwa kanga. Nilimwacha, maana kuna aibu ambayo ukimsaidia mtu kuibeba unamwibia. Halafu akasimama, akaanza kufungua mablanketi.

"Unafanya nini?"

"Naenda msibani," akasema. "Nimechelewa."

Alipakia mifuko yote ya mawe kwenye beseni lile lile, akaifunga blanketi zito. Kwenye kikapu akapima unga, kama tunavyobeba tukienda kwenye msiba. Mimi nilibeba kikapu. Njia ya kwenda kwa Yusto ni fupi, lakini siku ile kila baraza lilikuwa na mtu. Albina alitembea polepole. Nilimpita mara mbili ikabidi nimsubiri.

Yusto alikuwa amekaa nje anachambua mbegu za maharage za kupanda upya. Victoria alikuwa jikoni, akatoka na kusimama mlangoni. Albina hakusubiri kiti. Aliketi chini, miguu ameikunja, akaweka beseni pembeni.

"Pole, Yusto," akasema. "Pole, Victoria. Poleni na shamba. Nilipaswa kulisema siku ile nikapita. Nimekosa, na sina la kujitetea."

Yusto aliendelea kuchambua. Victoria akasema, "Asante," ile asante ya kufunga mlango.

"Haya ndiyo mawe," Albina akasema, akafunua blanketi. "Yalinyesha kwenu, ni ya kwenu. Mimi niliyachukua bila kuomba. Mkisema yamwagwe, nitayamwaga hapa hapa kwa mkono wangu, na Dokta nitamweleza mimi."

Nilitazama ile mifuko. Jua lilikuwa limetoka, na juu ya plastiki umande ulishaanza kushuka. Albina aliiona pia, na mikono yake ikashikana magotini. Najua ilivyomgharimu kukaa pale na kutosema harakisheni. Hakusema.

Aliyesogea ni Victoria. Akachuchumaa, akafungua mfuko mmoja, akatoa jiwe. Lilikuwa kubwa kuliko ndimu, na halikuwa la mviringo. Lilikuwa na vinundu pande zote kama tangawizi.

"Hili ndilo lililonipiga hapa," akasema, akashusha nguo begani kidogo. Palikuwa pamevia damu. "Hili au ndugu yake. Huyo dokta anataka kulifanya nini?"

"Analikata katikati, kama kitunguu. Anasema ndani lina matabaka. Anataka kuona lilivyokua."

"Lilikulia wapi?"

"Huko juu. Upepo unalirusha juu, linapata ngozi nyingine ya barafu, linaanguka, linarushwa tena. Mpaka linakuwa zito, upepo unashindwa."

Victoria akaligeuza kwenye kiganja. "Muda wote huo linajiandaa kuja kunipiga mimi," akasema. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka, na Yusto akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Lirudishe mfukoni, linayeyuka," Yusto akamwambia mkewe. Akamtazama Albina. "Mama Christopha, umeme kwako umerudi?"

"Bado."

"Kule mjini upo. Shemeji yangu ana friza dukani, naweza kupeleka kwa pikipiki." Akakung'uta maganda mapajani, akasimama. "Lakini siku hiyo anapoyakata, nitakuwepo. Ni mahindi yangu yale."

Hivyo ndivyo mawe ya Yusto yalivyopanda bodaboda, yamevaa blanketi la marehemu kaka yangu, yakaenda kulala mjini na soda. Mtaa mzima uliona. Zenon aliniuliza maana yake nini, nikamwambia amuulize mwenye mawe.

Dokta Mboje alifika Jumamosi. Albina alikuwa amempigia simu kumweleza yote, na sifa yake ni kwamba alishuka garini akaenda moja kwa moja kwa Yusto, akatoa pole ya shamba, akaketi mpaka alipopewa maji. Ndipo akaomba kuyaona mawe. Alifanyia kazi barazani kwa Albina, ndani ya sanduku la baridi alilokuja nalo, watu wakiwa wamejaa uani kwa kisingizio cha kununua barafu. Alipasha moto waya mwembamba, akalikata jiwe, akalikata tena, mpaka akapata kipande chembamba kama utando wa kitunguu. Akakiweka juu ya kioo chenye taa.

Yusto aliinama akatazama. Palikuwa na duara jeupe kama maziwa, kisha duara angavu kama maji safi, kisha jeupe tena, na katikati kabisa punje ndogo.

"Hapa lilikuwa kwenye baridi sana, maji yakaganda ghafla na hewa ndani yake," Mboje alionyesha kwa ncha ya kalamu. "Hapa lilikuwa kwenye maji mengi, likaganda taratibu. Halikuwa laini hata kidogo, na lilikuwa zito. Kompyuta yangu siku ile iliandika mvua ya kawaida Mollo. Ilidhani barafu itayeyuka njiani. Lakini ninyi mko juu, njia ya kuyeyukia ni fupi."

"Sasa ukishairekebisha," Yusto akauliza, "mwakani hayatanyesha?"

"Yatanyesha, mzee."

"Nitayafunika mahindi?"

"Mahindi hapana." Mboje hakukwepa, na kwa hilo nilimheshimu. "Watu wanaweza kuingia ndani. Na mbuzi. Labda, tukiwahi."

Nilifikiri Yusto atasema basi hakuna faida, na angekuwa na haki. Victoria akajishika bega.

"Basi kompyuta yako ianze na mimi," akasema. "Iniambie mimi kwanza."

Yusto akaomba naye apewe ubao. Mboje akampa. Watu walimtania wiki nzima kwamba naye ameanza kufuga, na maneno juu ya Albina yalikufa hapo, si kwa sababu ya kompyuta, hilo nisidanganye. Yalikufa kwa sababu mchawi na aliyelogwa hawawezi kuchangia friza. Alhamisi iliyofuata jumuiya ilisali kwa Yusto, Albina alikwenda na chai, na mara hii ilikwisha. Watoto hawakuhitaji kuelezwa, walirudi siku ile ile Mboje alipokuja.

Msimu uliofuata Mboje alikuwa ameanza kututumia ujumbe kwenye simu. Mwanzoni aliaibika. Alituma kwamba kuna dalili ya mawe, tukafungia mbuzi, tukakaa ndani, jua likawaka mpaka jioni. Ikatokea hivyo tena. Nikampigia mwenyewe nikamwambia mbuzi wangu wanamsalimia kutoka jela. Akacheka, akasema hesabu za barafu ni ngumu, sasa kompyuta imekuwa na woga kupita kiasi, anaipunguzia. Mwezi wa kwanza akatuma tena. Wengine walipuuza. Victoria hakupuuza. Aliokota gunia lake akarudi nyumbani, na alikuwa mlangoni mwake wakati bati la kwanza lilipolia.

Mara hii mstari ulipita kwa Albina.

Ulianza kwenye mti wa mparachichi ukamaliza shamba lote mpaka kwenye ua. Mahindi ambayo kaka yangu alimwonyesha namna ya kuyapanda kwa kamba, mistari imenyooka, yalikuwa tope na barafu. Nilipotoka nilimkuta amesimama pembeni, mikono mitupu. Beseni lilikuwa barazani nyuma yake na hakulifuata. Nikamshika mkono, nikampa pole, akaitikia kwa kichwa.

Yusto akaja anakimbia kutoka bondeni. Alikuwa na beseni lake na mifuko imechomekwa mfukoni, maana ubao wake haukupigwa na alijua mawe yako huku. Alifika kwenye ukingo wa shamba, akasimama. Mawe yalikuwa kila mahali, makubwa, yanang'aa. Aliyatazama. Halafu akaweka beseni chini, akaja akaketi kwenye majani yenye maji, karibu na miguu ya Albina.

"Pole, Mama Christopha," akasema.

"Asante."

Victoria akafika, akatoa pole, akaketi upande wa pili. Albina naye akaketi. Jua likaanza kutoka nyuma ya wingu, kama kawaida yake, halina hata aibu. Niliona mawe ya karibu yakianza kulowa na kupoteza pembe zake.

"Yusto," Albina akasema. "Yanayeyuka. Okota."

"Yayeyuke."

"Okota, nakwambia! Dokta anasema upesi!"

"Nimesikia," Yusto akasema, wala hakusogea.

Ndipo Albina alipolia. Hakuwa amelia hivyo tangu tulipomzika kaka yangu, na hata siku ile alilia akiwa anagawa sahani. Mara hii alilia ameketi. Majirani walikuwa wanaanza kufika mmoja mmoja, wanatoa pole, wanakaa, na hakuna aliyeingia shambani. Alipomaliza alijifuta uso, akaamka, akaingia yeye kwanza kama desturi ilivyo. Yusto akamfuata na beseni.

Yaliyobaki yalikuwa kama punje za harage. Waliyapima, wakayapiga picha kando ya rula, wakayaweka kwenye friza. Baada ya siku kadhaa Dokta Mboje alipiga simu, na Albina aliweka sauti ya juu kwa sababu alikuwa anafunga barafu za ubuyu.

"Mama, kuna kitu sielewi," alisema. "Picha ya ubao wako inaonyesha mashimo makubwa kabisa. Lakini mawe mliyoyahifadhi ni madogo sana. Mlichelewa?"

Albina alifunga fundo la mfuko aliokuwa nao mkononi, akauweka pamoja na mingine.

"Hatukuchelewa, Dokta," akasema. "Tulianza na pole."